Wananiita Lindi

Kwenye kundi letu la ushairi mimi naitwa Lindi. Jina langu wanalijua, kwa kuwa tumeshatumiana hela na ukituma hela kwa simu jina la mtu linatokea, lakini hakuna anayelitumia. Kila mmoja tunamwita kwa mahali alipo: yupo Tabora, yupo Mombasa, yupo Pemba, yupo Dodoma, yupo Maskati. Desturi hiyo niliikuta, na sijawahi kumsikia mtu akiilalamikia. Alfajiri mmoja akiandika, "Lindi hajalala tena?" wote wanaelewa kwamba nina kazi ya watu mezani na sikukuu imekaribia.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Mtanda, hapa Lindi mjini. Desemba na Januari ni sare za shule, Ramadhani ni kanzu za watoto na madira ya kina mama, katikati ya hapo ni harusi. Kazi hii inamkalisha mtu peke yake saa nyingi hata kama wateja wanaingia na kutoka. Sisemi kwamba nilikuwa mpweke. Nina mama, nina binti, nina majirani ambao nikiugua wananiletea uji, nina kikoba cha kila Jumamosi. Ila lipo jambo moja nalipenda kupita yote, na tangu baba alipofariki sikuwa na wa kulizungumza naye katika mji huu. Watu wa kunizika nilikuwa nao. Mtu wa kuniuliza kwa nini nimechagua kina hiki nikaacha kile, huyo sikuwa naye.

Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Jioni akishakoga alikaa barazani na redio yake kusubiri kipindi cha Malenga Wetu cha Redio Tanzania Dar es Salaam, na mimi nilikaa miguuni pake. Shairi likisomwa alikuwa akigonga vidole pajani: nane, pumzi, nane. Likipungua mizani, yaani hesabu ya silabi, alikunja uso kama mtu aliyeng'ata jiwe kwenye wali. Hakuwa amesoma sana, lakini sikio lake lilikuwa halidanganyiki.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba malenga wa zamani walikuwa marafiki bila kuonana. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, likitoka kila mwezi, na lilikuwa na nafasi ya mashairi. Mtu alifumba fumbo lake akiwa pwani, mwingine akalifumbua akiwa bara, jibu likasomwa na watu ambao hawakumjua yeyote kati ya wale wawili. Walisubiriana mwezi mzima. Na kabla ya magazeti, kabla hata ya posta, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo kuvuka bahari wakati miji yao ikigombana. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba urafiki wa watu wasioonana umeletwa na simu janja, na kwamba kwa sababu hiyo ni wa uongo, namsikiliza kwa adabu, lakini najua umri wa jambo lenyewe.

Kwenye kundi nilitiwa na kaka wa mteja wangu mmoja. Muda mrefu nilikuwa msomaji tu. Kilichonifungua mdomo ni mizani moja iliyopotea. Tabora, mwalimu mstaafu ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa utunzi, alitundika shairi juu ya msimu wa maembe kwao. Anayeijua Tabora anaijua miembe yake. Ubeti wa kwanza ulianza hivi:

Msimu umeshafika, miembe imeinama,
Watoto wamezunguka, juu wanatazama.

Nikausoma huku nikigonga vidole pajani. Mshororo wa kwanza nane kwa nane. Wa pili nane, halafu saba kwenye utao, kile kipande chake cha pili. Nikarudia, saba. Nikaenda kumpimia mteja bega, nikarudi, ikawa saba bado. Chini ya shairi watu walikuwa wamemwaga makofi na maua na "mashallah mwalimu".

Kutwa nzima nilikaa na ile saba. Kwa malezi yetu humwendei mzee ukamwambia amekosea, tena mwalimu, na wewe ni mwanamke wa kibandani ambaye hajawahi kuandika hata salamu. Usiku nikamwandikia pembeni, inboksi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Lindi. Samahani sana, utao wa mshororo wa pili nauona una mizani saba. Pengine simu imekula neno. Ukiwa 'wote juu watazama' naona unatimia. Niwie radhi kama nimevuka mpaka." Jibu likaja: "Marahaba mwanangu." Basi, hakuna kingine. Sikulala vizuri.

Asubuhi nikakuta ameandika kwenye kundi, mbele ya wote: "Wenzangu, shairi langu la jana lilikuwa na kilema. Wengi mlilisoma mkalisifu. Mwanangu wa Lindi ndiye aliyelihesabu. Kuanzia leo sitatoa tungo kabla hajaipitia."

Nimeyafikiria sana maneno yale. Aliona wapi alipopendwa. Makofi aliyapokea, akayashukuru, lakini aliyemtafuta ni yule aliyekaa na mshororo wake mpaka ukamwambia kitu. Na mimi nilijiona nimesikika kwa mara ya kwanza tangu baba, ingawa nilichofanya ni kuhesabu. Tangu siku ile sijatafuta tena alama nyingine ya rafiki. Je, amelisoma neno langu mpaka mwisho? Je, amelijibu lenyewe, au amejibu la kwake?

Utaratibu wa kundi letu unasaidia hapo. Jumatatu mmoja anatoa fumbo kwa ubeti, na wengine wana mpaka Alhamisi kulifumbua, kwa vina vilevile. Ukitaka kumjibu mtu kwa vina vyake inabidi uingie kwenye maneno yake, uyageuze, uyalale, uamke nayo. Huwezi kumjibu mtu namna hiyo ukiwa unaperuzi mambo mengine. Picha za maua zilizoandikwa Jumaa Mubarak haziruhusiwi, wala meseji za kusambazwa, wala siasa za vyama. Wengi wanaoingia wanaona kundi limepooza, wanatoka. Tunaobaki tunajuana kwa namna ambayo siwezi kuifananisha na makundi yangu mengine. Nina kundi la kikoba, la wazazi wa shule, la wauza vitambaa wa Kariakoo, na yote yana faida kwangu, bei za vitenge nazipatia huko. Lakini nikitoka leo, ni nani huko atakayeuliza?

Aliwahi kuja mmoja mwenye maneno matamu. Kila shairi alilisifu, kila mtu alikuwa "gwiji", "nguli", "bahari ya lugha". Haukupita muda akaanza kuzipitia inboksi za wanawake mmoja mmoja na hadithi ya mzigo uliokwama bandarini na mkopo mdogo wa kuukomboa. Mombasa ndiye aliyemshtukia kabla ya wote, kwa sababu ya wazi kabisa: tangu aingie hakuwahi kufumbua fumbo hata moja. Admini akamtoa. Nalisema hili kwa ajili ya dada zangu wanaosoma hapa. Hela ya mtu asiyejibu neno lako usiitume, hata akuite malkia.

Mwalimu wa Tabora alinipa kitu ambacho sikutegemea kupewa na mtu wa mbali: alinipa mji wangu. Siku moja aliniuliza, "Wewe wa Lindi, mwenzio Abdul Karim bin Jamaliddini unamjua?" Sikumjua. Akanieleza kwamba huyo alikuwa mtu wa hapahapa Lindi, na kwamba alitunga utenzi mzima juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ukaja kuchapishwa mwaka 1957. Nimezaliwa hapa, nimesoma hapa. Vita vya Maji Maji nilifundishwa darasani, Kinjikitile na maji ya dawa, pamba iliyong'olewa kwenye vilima vya Umatumbi, boma la Liwale. Kwamba kuna mtu aliyeyaweka hayo kwenye mizani nane nane akiwa na bahari hii hii mbele yake, hakuna aliyewahi kuniambia. Mwalimu akanisomea beti kadhaa kwa sauti yake, akazituma. Nilizisikiliza nikiwa napiga overloki, nikazima mashine. Jioni nilishuka mpaka ufukweni nikatazama boti za Kitunda zikivuka, nikijiuliza kama na Abdul Karim alikaa upande ule.

Mombasa ni muuguzi wa zamu za usiku, na mimi nafanya kazi usiku, ndiyo sababu tukazoeana haraka. Saa nane za usiku wodi ikitulia aliniandikia, "Dadangu, uko kwenye mkono wa gauni au kola?" Kwake nilijifunza vitu ambavyo havina uhusiano wowote na vina. Niliwahi kumwambia, katika mazungumzo tu, kwamba mama analalamika kichwa kila asubuhi na anasema ni moshi wa jikoni. Akaacha habari za ushairi palepale. "Presha amepimwa lini?" Nikasema sikumbuki. Kesho yake aliuliza tena, kesho kutwa akauliza tena, mpaka nikamchukua mama zahanati. Ikasoma 180 kwa 110. Mama anakunywa dawa tangu wakati huo, na kila mwezi Mombasa anadai namba za kipimo kuliko anavyodai ubeti. Mama mwenyewe alikuwa akimwita "yule mtu wako wa simuni", kwa sauti ya mashaka. Nilimwelewa. Kwa mama, mtu ni yule unayejua kwao ni wapi na nani amemzaa.

Halafu likaja la Hidaya.

Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kimbunga hicho, na tulikuwa tunajiandaa kwa kadiri tulivyoweza, ingawa pwani yetu haijazoea vimbunga na wengi hatukujua tunajiandaa kwa kitu gani. Pemba, ambaye ni nahodha wa jahazi na anazijua pepo zote kwa majina na kwa miezi, alituandikia watu wa kusini tangu mapema: vitu vya juu vishushwe, madirisha yafungwe, mtu asiende ufukweni kutazama mawimbi. "Bahari haitazamwi siku hizo," aliandika. Tarehe 4 upepo ulifika. Mvua ilinyesha namna ambayo sikuwahi kuisikia juu ya bati, na usiku mnazi wa uani kwetu ulianguka, kwa bahati ukaangukia upande wa choo cha zamani kisichotumika. Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika upande wa Kilwa, mabasi yakalala njiani. Kwetu umeme ulikatika na simu yangu ikaisha chaji.

Nilipopata pa kuchaji kwa jirani mwenye sola, simu ilipowaka kitu cha kwanza kuingia kilikuwa meseji ya kawaida, ya kulipia. Tabora alikuwa ameona WhatsApp yangu inabaki tiki moja tangu jana yake, akaamua kupita njia ya zamani. Aliandika:

Nauliza hali yako, upepo umepungua?
Mamako na watu wako, salama nataka jua.
Sikupata jibu lako, moyo wangu wasumbua.
Lindi nijibu mwanangu, nami nipate tulia.

Meseji ya kawaida inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Nilizihesabu baadaye, nikakuta ubeti wote umeingia humo na nafasi mbili zimebaki. Mzee wa watu, macho yenyewe yameanza kumsumbua, alikaa mahali Tabora akabana huzuni yake mpaka ikatosha meseji moja, bila kupunguza mizani hata moja. Nilipomsomea mama, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ameniuliza mimi? Huyo mwalimu ameniuliza mimi?" Nikamwambia ndiyo, mshororo wa pili. Akasema nisome tena.

Nilimjibu kwa njia ileile, nimekaa kwenye kigoda cha jirani, waya wa chaji ukinivuta shingo:

Mwalimu tuko salama, paa halikuezuka.
Mnazi ulituhama, usiku ukaanguka.
Namshukuru Karima, na wewe kunikumbuka.
Tulia sasa mwalimu, huku kumepambazuka.

Hatujapoa, wiki iliyofuata, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima na kwa majirani. Watu wengine walisema wamepata likizo. Sisi tulihangaika. Hapo ndipo nilipojua tumekuwa nini. Bila mtu kuagiza, kila mmoja alianza kuwapigia wawili watatu. Mimi nilimpigia Pemba, sauti nzito kuliko nilivyodhani, na tulipomaliza kuulizana hali hatukuwa na la kusema tena, tukakaa tu kwenye simu kwa sekunde kadhaa, tukaagana. Maskati alimpigia Tabora kwa gharama ambayo hakutaka kuitaja. Fumbo la Jumatatu lilitembea kwa meseji, mtu kwa mtu, na majibu yakafika yamechelewa, mengine yamekatika katikati, na hakuna aliyekosa zamu. Intaneti iliporudi tulikuwa tunazijua sauti zetu.

Mombasa alikuja Lindi mwaka uliofuata, Agosti, alipopata likizo. Nataka kulieleza hili vizuri kwa sababu watu wanaopendana mtandaoni hawaambiwi. Nilimpokea stendi, tukakumbatiana, tukacheka, na tulipofika nyumbani tukawa wageni. Mtu niliyemwandikia siri zangu usiku wa manane alikaa kwenye kochi letu na mkoba magotini. Tuliulizana habari za safari. Tukaulizana tena. Alimwamkia mama kwa adabu zote, mama akaitikia kwa adabu zote, chai ikanywewa. Moyoni nilikuwa naogopa kwamba tumeharibu kitu kwa kukileta mchana.

Usiku nilikuwa na gauni la mtu la kumalizia. Nikamwomba ruhusa, nikaenda kibandani. Baada ya muda akanifuata, akakaa kiti cha wateja nyuma yangu kidogo, akaanza kuokota pini sakafuni na kuzipanga kwenye kisahani. Cherehani ilikuwa inalia, hatukuwa tunatazamana, mikono yangu ilikuwa na kazi na yake ilikuwa na pini. Akasema, "Ule ubeti wako wa mwezi uliopita, kibwagizo hukuwa na haja nacho." Nikageuka. Tukabishana mpaka adhana ya alfajiri. Kumbe sisi tulizoea kuzungumza mikono ikiwa na shughuli na macho yakiwa kwingine, na hivyo ndivyo tulivyopaswa kuanza. Asubuhi mama alichemsha ming'oko, mizizi ya porini ya huku kwetu, na chumvi, akamfundisha kuimenya kwa vidole, na alipoona mgeni anakula bila kuona haya alianza kumwuliza habari za kwao: Mombasa gani, mtaa gani, baba wa ukoo gani. Sasa mama ndiye anayeniambia, "Mwambie Mombasa dawa nimekunywa." Simu ya kitochi aliyonayo haina WhatsApp, basi natumwa mimi.

Hatuishi kwa amani siku zote, na sitaki kutupamba. Ugomvi wetu mkubwa uliletwa na Dodoma, kijana wa chuo kikuu, alipotundika shairi lisilo na vina wala mizani. Mgogoro huo ni wa zamani, tangu miaka ya 1970 Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya 1974 na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, wakasema hayo si mashairi. Sisi tulidhani tumeuweka kando. Pemba aliandika kwamba hiyo ni insha iliyokatwakatwa na mkasi. Mwingine akaongeza la kwake. Mimi nilisema nimeguswa na picha ya mama yake anayesubiri maji kisimani, lakini sikio langu halina pa kukaa. Tulisema mengi siku ile. Usiku ikatokea ile sentensi ya kijivu kwamba fulani ametoka kwenye kundi.

Makundi mengi niliyonayo, sentensi hiyo ikitokea watu wanaendelea na mazungumzo. Kesho yake Pemba, yeye aliyekuwa mkali kuliko wote, alimpigia kijana. Tulikuja kusimuliwa na kijana mwenyewe. Hakumzungumzia ushairi kwanza. Alimwuliza kama bumu lilishaingia, kwa sababu wiki ile kijana alikuwa amedokeza kwamba fedha za mkopo zimechelewa na anakula mara moja kwa siku. Alipojibiwa bado, Pemba alimtumia ya unga na mboga. Kisha akamwambia: "Mwanangu, lile shairi silipendi na sidhani kama nitalipenda. Lakini umetoka kwetu na hasira, na mtu hatoki nyumbani hivyo. Rudi, uje unibishie." Kijana alirudi. Jumapili sasa ni siku ya tungo huru, Pemba anazisoma zote na kuzikataa zote kwa sababu alizozifikiria, na kijana anaziandika sababu hizo kwenye daftari.

Macho ya mwalimu yamefika mahali ambapo herufi za simu hazioni tena. Ni mtoto wa jicho, na daktari amempangia upasuaji wa jicho moja kwanza. Lakini ameshaanza utenzi wa maisha yake na hataki kusubiri. Kwa hiyo tumegawana kazi. Yeye anatunga kichwani akiwa kitandani, anarekodi sauti, ananitumia mimi. Mimi nasikiliza, naandika, nahesabu, na pale anapopungukiwa nampigia, tunabishana. Mombasa anapitia lugha na kutia alama. Dodoma, yuleyule asiyetaka vina, anazipanga beti kwenye kompyuta ya chuo na kuzihifadhi mahali pawili, maana anasema simu za wazee zinapotea. Pemba ameomba zile sehemu zenye safari za ziwani, azisome yeye kwa sauti, turekodi. Maskati anatafuta jinsi ya kuzichapa angalau nakala za kutosha wajukuu.

Alhamisi iliyopita tulifika mwaka 1974, yeye akiwa mwalimu kijana, Operesheni Vijiji imeanza na watu wanahamishwa na mizigo yao. Alirekodi beti chache, akakohoa, akasema, "Lindi, hapa usinikimbize. Hapa wapo watu nawakumbuka kwa majina." Nimemwambia achukue muda wake. Gauni za harusi za wiki hii nimezikata zote mapema, jioni zangu ziko wazi.